Papa wa Ruiru

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Kama kuna neno moja la uongo humu, mkono ninaoshikia kalamu ukauke, na pensheni yangu ipotelee kwenye kompyuta za serikali. Hiyo ya pensheni ilishatokea hata kabla sijasema uongo wowote, lakini acha niape tu. Ninaapa mapema kwa sababu watu wa Kiganjo wananijua, na wakiona jina langu juu ya karatasi huanza kucheka kabla ya kusoma.

Jina lenyewe ni Muriithi. Kwa miaka thelathini na moja nilikoroga rangi katika kiwanda cha nguo hapa Thika, upande wa bluu. Nilistaafu na kifua kibovu, saa ya ukutani, na kucha za bluu ambazo hazikutakata kwa miaka miwili. Sasa mtu akikuuliza kucha zako zimefanya nini, utamwambia ni rangi ya shuka za hospitali? Nani atakununulia chai kwa shuka za hospitali? Mimi nilisema ni bahari. Nilisema nilifanya kazi kwenye meli, na mtu akikaa majini miaka mingi bahari humwingia kwenye kucha. Chai ilikuja na mandazi mawili. Tangu siku hiyo naitwa Baharia, na sikuona sababu ya kuwasumbua watu kwa kuwaeleza kwamba baharini sijafika bado.

Mjukuu wangu Waruguru ana miaka sita na anasoma chekechea, ile wanayoiita PP2, katika shule inayoitwa Mawimbi Junior Academy. Shule iko kati ya ghala la chakula cha kuku na karakana ya milango ya chuma. Mawimbi pekee yaliyowahi kuonekana pale ni ya mabati ya paa. Mwenye shule, Direkta Kahiga, zamani aliuza vipuri vya malori, na aliipa shule jina hilo kwa sababu alikuwa amebakiwa na madebe sita ya rangi ya bluu.

Kazi yangu ilikuwa kumchukua Waruguru saa sita mchana na kumfanyia kazi ya nyumbani. Ndiyo, kumfanyia. Siku hizi mtoto hasomi, mtoto anatengeneza vitu. Na kwa kuwa mtoto wa miaka sita hawezi kutengeneza, anatengeneza mzazi, halafu mwalimu anapiga picha na kuituma kwenye kikundi cha wazazi. Mwaka jana nilitengeneza sanamu ya kufukuza ndege shambani, yenye koti na tai. Ripoti ilikuja imeandikwa, "Amezidi matarajio." Nilikuwa na miaka sitini na saba, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kule kiwandani.

Mwaka huu akaja mwalimu mpya, Mbinya, binti wa kutoka Matuu, na raha yangu ikaisha. Mbinya hakutaka kazi ya guka, yaani babu, wala ya mama. Alitaka mikono ya watoto wenyewe. Somo lilikuwa viumbe wa baharini, na Waruguru alianza kurudi nyumbani na habari badala ya vifaa. Siku moja alinitilia kijiko cha maji ya chumvi mdomoni nikatema, kisha akatia kingine.

"Hiyo ni bahari," akaniambia. "Na hii nyingine ni mto wa Chania. Umesikia tofauti?"

Siku nyingine walichovya manyoya ya kuku kwenye mafuta ya kupikia, kisha wakayaosha kwa sabuni, wajue taabu ya ndege wa baharini meli ikimwaga mafuta. Waliweka yai kwenye glasi ya maji ya bomba likazama, wakaliweka kwenye maji ya chumvi nyingi likaelea. Waruguru alinieleza jambo hili mara tisa, kwa ukali, kana kwamba nilikuwa nimebisha.

Jumanne moja nilifika langoni nikamkuta Direkta Kahiga amemsimamisha Mbinya kando ya tangi la maji.

"Mwalimu, Ijumaa wazazi wanakuja kuona darasa lako," Kahiga alikuwa akisema. "Wataona nini? Yai?"

"Wataona watoto wakieleza kwa nini yai linaelea, Direkta."

"Mayai yako hata kwao nyumbani. Unajua ile shule ya ng'ambo ya barabara walileta nini? Walileta ngamia."

"Ngamia wa somo gani?"

"Ngamia ni ngamia. Wazazi walipiga picha mpaka simu zikaisha chaji." Akashusha sauti, lakini masikio yangu hayajastaafu. "Mimi nataka bahari. Ijumaa wazazi wakitoka hapa wakisema wameona bahari, nakupa barua ya kazi. Wakisema wameona yai, Jumatatu uniachie ufunguo wa kabati."

Mbinya alikuwa amefundisha mihula miwili bila barua, kwa kuambiwa kesho na kesho kutwa. Mdogo wake alikuwa chuoni Juja, na yeye ndiye aliyekuwa akimlipia chumba. Mambo haya yote niliyajua, kwa sababu mzee anayesubiri mtoto langoni husikia kuliko askari.

Mtu wa heshima angemshika mjukuu wake mkono aende zake. Mimi nilikohoa.

"Bahari?" nikasema. "Na mimi niko hapa?"

Kahiga akageuka. "Wewe ndiye yule Baharia?"

"Wananiita hivyo, mimi sijawatuma." Halafu mdomo ukaanza kwenda wenyewe, kama ng'ombe ajuaye njia ya josho. Nikamweleza habari za pweza tuliyekuwa naye melini aliyekuwa akituoshea vyombo, sahani nane kwa mpigo, mpaka siku aliyodai mshahara wa watu wanne. Nikamweleza juu ya nyangumi aliyemeza redio ya nahodha, tukawa tunamfuata nyuma kila saa moja jioni tusikilize taarifa ya habari kutoka tumboni mwake.

Kahiga hakucheka. Hapo ningepaswa kuogopa. "Unaweza kuleta kitu?" akauliza. "Kitu hai. Kitu cha kupigwa picha."

"Papa je?"

"Papa mzima?"

"Mdogo. Mtoto wa papa. Rafiki yangu wa Mombasa ataniwekea kwenye lori la barafu."

Kabla sijafika nyumbani tangazo lilikuwa limeshaingia kwenye kikundi cha wazazi: Ijumaa, papa hai, kwa mara ya kwanza Thika, wazazi wote wafike na karo ya muhula wa tatu.

Kesho yake Mbinya alinisubiri langoni. Hakuwa na hasira, na hilo lilinisumbua.

"Guka, wewe nakuheshimu, una umri wa babangu," akasema. "Direkta ameweka kazi yangu juu ya huyo papa wako. Nakuomba kitu kimoja tu. Ukileta mnyama, awe yule unayesema ni yeye. Kama hayupo, niambie leo. Mimi nitajipanga na mayai yangu."

Leo. Neno lenyewe lilikuwa rahisi. Ningesema, "Mwalimu, hayupo," yangeisha. Lakini wazazi wawili walikuwa wamesimama pale wakinitazama kama mtu wa maana, mmoja wao ameniita mheshimiwa.

"Binti yangu," nikamjibu, "huyo papa ameshapita Voi."

Alhamisi asubuhi nilikwenda Ruiru kwa Kaloki. Kaloki tulikuwa naye kiwandani, upande wa njano, na sasa anafuga samaki kwenye vidimbwi vitatu nyuma ya nyumba yake. Nilimkuta akiwarushia chakula.

"Nataka samaki anayefanana na papa," nikamwambia.

"Papa anafananaje?"

"Wewe si ndiye mwenye samaki?"

"Mimi nina samaki wa aina mbili, Muriithi. Hawa wana magamba, wale hawana. Hapo ndipo elimu yangu imefika."

Tulisimama tukafikiri, wazee wawili ambao utotoni mwao samaki alikuwa ni kitu cha kusikia tu. Mwishowe tukakubaliana kwamba papa ni mnyama mbaya, na aliyekuwa na sura mbaya zaidi pale ni kambare. Kaloki akatoa mmoja wa urefu wa mkono wangu, mweusi, kichwa bapa kama sepetu, na ndevu nane zinazoning'inia.

"Na hizi ndevu?" nikauliza. "Tuzikate."

Kaloki akamrudisha kambare majini papo hapo. "Hizo ndizo anazopapasia njia kwenye matope. Uzikate aishi vipi? Ukitaka kudanganya watu danganya, lakini samaki wangu hutamnyoa."

Ilibidi nimwapie. Akanifungia kambare kwenye ndoo yenye mfuniko, na maji kidogo, akasema huyu si mnyama wa kufa haraka, hupumua hata hewa. "Akirudi hapa kesho jioni awe mzima," akaongeza. "Wewe hata usiporudi si neno."

Nyumbani nililiwazia lile jambo la ndevu, nikapata dawa. Kama maji yatakuwa bluu ya kutosha, ndevu hazitaonekana. Nikanunua rangi ya keki, ile ya kuliwa isiyodhuru, nikaanza kukoroga, na niwaambie ukweli, mkono ulikumbuka kila kitu. Ilikuwa bluu safi kabisa. Sijawahi kutoa bluu kama ile wakati nilipokuwa nikilipwa.

Kilichobaki kilikuwa nguo za kibaharia. Bendi ya kanisa letu ina sare nyeupe zenye vifungo vya dhahabu, nami nikamshawishi mpiga tarumbeta aniazime yake. Sharti lilikuwa moja: Jumapili nairudisha nyeupe vilevile.

Ijumaa saa nne darasa lilikuwa limejaa. Watoto ishirini na sita walikaa sakafuni, wazazi wamebanana ukutani, simu zimeinuliwa. Kahiga alikuwa mbele na kipaza sauti, ingawa chumba chenyewe ukinong'ona kinasikia. Katikati niliweka beseni kubwa la bluu yangu, na ndani yake papa wa Ruiru akizunguka taratibu. Wazazi wakaguna kwa mshangao. Kahiga akanishika bega akapigwa picha nami mara tatu. Mbinya alikuwa amesimama kando ya meza yake yenye glasi, mayai na mfuko wa chumvi, akinitazama mimi, si beseni.

"Huyu ni mtoto wa papa," nikaanza. "Nilimnyang'anya mama yake kule Malindi, tukiwa na yule pweza."

"Guka," akasema Waruguru, "naweza kugusa maji?"

Ungekuwa wewe, ungemkataza mjukuu wako mbele ya watu? Akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena. Alipoutoa ulimi, ulikuwa bluu kama lango la shule.

"Hayana chumvi," akasema.

"Chumvi imeshuka chini."

"Chumvi ikishakorogwa haishuki. Tulikoroga, tukangoja mpaka saa ya uji, haikushuka."

"Na bahari ukiichota kwa glasi si bluu," akasema mtoto mwingine, mvulana aliyeitwa Muoki, asiye na meno ya mbele. "Mwalimu alisema ni kama maji tu. Bluu ni kwa sababu ni nyingi."

"Hii ni ya Malindi," nikamweleza. "Ya Malindi ina rangi kali."

Kahiga alianza kumkonyeza Mbinya awanyamazishe. Aliwakonyeza hata wazazi. Mbinya alimwona, kila mtu alimwona. Akatazama ufunguo wa kabati uliokuwa shingoni mwake kwa kamba, kisha akachukua yai mezani.

"Waruguru," akasema, "mkitaka kujua kama maji ni ya bahari mnafanya nini?"

Waruguru akalitia lile yai kwenye beseni, likazama kama jiwe. Likalala chini karibu na kambare, ambaye alikuja juu kuona kuna nini, na alipokuja juu alitoa uso wote nje pamoja na zile ndevu zake nane.

"Papa hana ndevu," watoto wakasema, si mmoja, darasa zima, kwa ile sauti ya kuimba ya chekechea.

"Ana mistari ya kupumulia, mitano mitano," akaongeza Muoki. "Huyu mistari yake iko wapi?"

Niliwaambia huyu ni papa mzee. Waruguru akanikumbusha kwamba dakika tano zilizopita alikuwa mtoto.

Sasa kati ya wazazi alikuwapo mama mmoja, Aoko, ambaye huuza samaki wa kukaanga karibu na kituo cha boda boda. Alikuwa ameziba mdomo kwa leso muda wote, akidhani labda ni yeye asiyejua vizuri. Akaitoa leso.

"Direkta, huyo ni mumi," akasema. "Kambare. Huyo mimi nakaanga kila siku ya Mungu. Mumeo juzi alimla nusu," akamwambia mama aliyekuwa ubavuni mwake.

Kicheko kilichofuata sitakieleza, kilikuwa juu yangu. Kahiga hakucheka. Uso wake ulibadilika rangi, akakiweka kipaza sauti kando, akamwendea Mbinya.

"Umeniaibisha mbele ya wazazi," akasema. "Ningekuwa wewe ningenyamaza. Nipe huo ufunguo."

Mbinya akaanza kuivua ile kamba shingoni. Kamba ikashikana na hereni. Nilimwona. Nilikuwa nimesimama na vifungo vya dhahabu, na mdomo ambao kwa miaka yote haujawahi kukosa neno ukakosa.

"Ngoja kwanza," Aoko akasema. "Anapewa nani ufunguo?"

"Mama, haya ni mambo ya ofisi."

"Ofisi gani? Mimi nalipa karo hapa. Mtoto wangu jana hakujua kufunga kamba ya kiatu, leo yeye na wenzake wamemkamata mzee wa miaka sabini na uongo wake, kwa yai. Wewe na ofisi yako ulikuwa umemshika bega mkipigwa picha."

"Na ile picha tayari iko kwenye kikundi," mzazi mwingine akasema. "Imeandikwa papa."

Hapa ndipo nilipojua kwamba mimi katika uongo ni mwanafunzi tu. Kahiga aligeuka, akachukua kipaza sauti, na uso wake ukawa umeshakunjuka.

"Wazazi wapendwa," akasema, "hilo ndilo jaribio tulilokuwa tumeliandaa. Hapa Mawimbi hatumpi mtoto jibu. Tunamletea uongo makusudi, tunaona kama ataugundua. Nilimwomba huyu mzee atusaidie kudanganya, na amefanya kazi nzuri."

Wengine walipiga makofi. Naapa, walipiga.

"Kwa hiyo mwalimu amefaulu?" Aoko akauliza.

"Ndiyo, amefaulu."

"Barua yake anapata lini?"

"Wiki ijayo ofisi ita..."

"Kalamu ninayo," Aoko akasema. "Karatasi ziko pale kwa watoto."

Kahiga aliiandika barua ya kazi amekaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yakigusa kidevu, kwenye karatasi ambayo nyuma yake ilikuwa na kaa aliyechorwa kwa kalamu nyekundu. Wazazi wanane wakapiga picha sahihi yake. Mbinya akaisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa sketi, kisha akamhamishia kambare kwenye ndoo ya maji safi.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Guka," Mbinya akaniita. "Somo halijaisha."

"Mwalimu, nilikuwa namrudisha tu huyu mnyama Ruiru."

"Atangoja. Wewe ulikuja kufundisha watoto bahari, na mimi nilikuomba kitu kimoja ukanidanganya nikikutazama. Sasa utawafundisha."

Akatutoa wote nje hadi uwanjani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa Kiganjo mnaujua. Aliwaambia watoto kwamba nyangumi wa bluu ana urefu wa karibu mita thelathini, na kwamba urefu huo huwezi kuuelewa kwa kuambiwa, lazima uufanye. Akawatandikia magunia ya chakula cha kuku kutoka ghala la jirani, akawalaza mmoja mmoja, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, kutoka langoni hadi kwenye tangi. Ishirini na sita wakalala wakicheka. Akapima kwa kamba. Nyangumi alikuwa amepungua kidogo, kama urefu wa mtu mzima, na magunia yalikuwa yameisha.

"Mkia hauko," akasema.

"Nitaita mzazi," nikajitolea.

"Mkia ni wewe."

"Mwalimu, hii sare ni ya bendi ya kanisa. Jumapili inatakiwa nyeupe."

"Basi una Jumamosi nzima ya kuifua."

Wazazi walikuwa wametengeneza duara. Kahiga alikuwa tayari na simu, akimwambia mtu kwamba hili pia lilikuwa kwenye ratiba. Nikapiga goti moja kwenye matope, kisha la pili. Baridi ikapita vifungo vya dhahabu hadi kwenye kifua changu kibovu. Nikalala chali, kichwa kwenye soksi za Waruguru, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho.

"Guka," akaniuliza bila kugeuka, "wewe umewahi kuona bahari?"

Watoto wakainua vichwa, hata wale waliokuwa mbali kwenye kichwa cha nyangumi. Nilikuwa na jibu zuri sana, lenye kasa mzee na kofia ya nahodha. Nililionja mdomoni nikaliacha.

"Hapana," nikasema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa nakoroga rangi ya shuka za hospitali."

Aoko alikuwa amesimama juu yangu, mikono kiunoni, na nikaona hata yeye hacheki.

"Haya," akasema mjukuu wangu. "Nyoosha miguu, sasa. Mkia haukunjwi."

Nikanyoosha.